Taa Nyekundu ya Lifti

"Nzi ameingia kwa maziwa."

Redio ya Motorola ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

Sabdio, askari wa siri, alielewa mara moja. Maneno hayo ya mkubwa wake, Lomuria, yalikuwa na maana moja tu. Bomu limeshaingia makumbusho mapya ya Isiolo.

Mlangoni, akina mama wa Kipsing na wa Sericho, sehemu mbili zilizopigana kwa miaka, walingoja kupanda lifti pamoja, iwe ishara ya amani. Asli, mama mzazi wa Sabdio, aliyemjua bintiye kama muuza duka tu, alikuwa wa kwanza. Wauza bunduki wa ng'ambo hawakuitaka amani hiyo. Watu wakipatana, bunduki itanunuliwa na nani?

Ee Mola, nishike mkono.

Aliingia lifti peke yake kuikagua, akabonyeza juu. Lorna, mhandisi wa jengo, alikuwa amemweleza: lifti hii imeundwa isile stima nyingi ya jua. Ikipanda tupu au na mtu mmoja, chuma kizito cha mizani hushuka upande wa pili na kurudishia betri stima. Taa huwaka kijani.

Taa iliwaka nyekundu.

Basi chuma kilikuwa kimepungua uzito. Mtu ametoa vyuma, akaweka bomu, jepesi kuliko chuma, mahali pake.

Alirudi chini mbio kuwazuia akina mama. Walikuwa tayari wamegoma kuingia.

"Nyumba mpya haiingiwi bila dua na maziwa," Asli alisema. "Nyinyi mnafukuzwa na nani?"

"Mama, tafadhali, tumechelewa!" fundi wa lifti, Salesio, alifoka akitazama saa.

Akina mama walinyunyiza maziwa kizingitini, mmoja mmoja, polepole, kila mtu na dua yake. Jasho likamtiririka Salesio. Akaanza kurudi nyuma, kuelekea geti.

Fundi anakimbia lifti yake mwenyewe?

Bastola ya Sabdio, Glock, ikamgusa mbavu chini ya mtandio.

"Fundi, twende tuijaribu."

"Dada, lifti iko sawa."

"Si ndio twende."

Milango ikajifunga. Katikati ya safari, pale lifti hupishana na chuma chake, Sabdio akaisimamisha.

Kimya.

Halafu, nyuma ya ukuta: ti, ti, ti.

"Tutakufa!" Salesio alilia.

"Mimi pia naogopa. Lakini mama yangu ako hapo chini. Fungua."

Bisibisi ilimponyoka. Sabdio akaiokota, akampa, midomo ikisoma Ayatul Kursi. Kifuniko cha ukutani kikatoka. Salesio akaingiza mkono hadi begani, akachomoa kiwashio cha bomu.

Mlio ukakoma.

"Lomuria, njoo umchukue. Leta watu wa mabomu," Sabdio aliiambia redio.

"Uko sawa?"

"Siko sawa. Njoo tu."

Alimfunga Salesio pingu kwenye kishikio cha lifti, akashuka, milango ikajifunga nyuma yake. Asli alikuwa bado ameshika kibuyu cha maziwa.

"Lifti imeharibika, mama. Tokeni wote nje, mpaka ng'ambo ya barabara."

"Haijafunguliwa, ishaharibika! Na wewe, duka umeachia nani?"

Sabdio aliisukuma redio ndani zaidi ya mtandio.

"Nimefunga. Nilikuja kukuona tu."

Akatoka getini taratibu, kama mtu aliyetumwa sukari.