Tumbo la Mwalimu Filimbi

Kila siku ya shule, kabla kengele haijalia, Mwalimu Filimbi alikuwa amekwisha kuzunguka kiwanja mara nne. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni, hata kwenye mikutano ya wazazi. Alifundisha michezo. Timu yake ya mpira wa pete ilikuwa imechukua kikombe miaka miwili mfululizo. Vikombe hivyo vilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, juu ya kabati la mafaili. Kila alipopita pale aliviangalia kwa pembe ya jicho, kama mtu anayepita karibu na gari lake jipya.

Jambo moja lilimkera. Tumbo.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu ajifungue mapacha, na tumbo lilikuwa pale pale. Mikono yake ilikuwa ya mwanamichezo. Miguu ndiyo usiseme. Lakini tumbo lilitangulia mbele kama linakwenda kufungua mlango. Alipunguza mafuta na sukari. Alifanya mazoezi ya tumbo kila asubuhi mpaka mkeka ukachakaa. Tumbo halikutishika. Jioni, baada ya kazi, lilizidi kujaa, kitovu kikachomoza kama kifungo cha koti, na mgongo ukamuuma.

"Mazoezi tu, mwalimu," watu walimshauri. Walimshauri yeye, aliyewafundisha nusu ya mtaa kukimbia.

Siku moja baada ya mechi, mzazi mmoja alimshika mkono kwa furaha.

"Hongera, mwalimu. Unatarajia lini?"

"Natarajia nini?"

Mzazi akaangalia tumbo. Kisha akaangalia viatu vyake mwenyewe.

Mwalimu Filimbi alicheka ili kumwondolea aibu. Njiani hakucheka tena. Alifika nyumbani akamkuta mumewe anasugua mikono kwa sabuni. Mumewe alikuwa fundi bomba, na grisi ilikuwa haimtoki kirahisi.

"Mama Pacha, nani kakuudhi?"

"Tumbo."

"Lako au langu? Langu limekua bila hata kuzaa."

Mwalimu alitabasamu kidogo. Lakini moyoni alikuwa amekwisha kuamua kwamba lazima kifanyike kitu.

Karibu na shule kulikuwa na saluni iliyobandika bango kubwa dirishani. Liliandikwa: "Tumbo bapa kwa saa moja. Leza. Kunyonya mafuta. Hakuna kisu, hakuna maumivu." Mwalimu alikuwa amelipita bango hilo mara nyingi. Kesho yake hakulipita. Aliingia.

Mwenye saluni alikuwa mcheshi. Alimkalisha kwenye kiti laini, akampa maji baridi, akamwonyesha picha za wanawake wenye viuno vyembamba.

"Dada, wewe mwili unao. Tunaondoa hiki kidogo tu," alisema, akimgusa tumbo kwa kucha ndefu zilizopakwa rangi. "Leza ni mwanga, haina madhara yoyote. Na kama mafuta ni mabishi, mtaalamu wetu huja Jumamosi. Anatoboa tundu dogo, ananyonya. Unarudi nyumbani kwa miguu yako."

Mwalimu aliandikishwa Jumamosi.

Alipomwambia mumewe, mume alikuna kichwa. "Mimi nakupenda hivyo hivyo ulivyo."

"Sikuuliza unanipenda vipi. Suruali za michezo ndizo hazinipendi."

"Basi zungumza kwanza na Bi Mkasi. Mimi nikipasua bomba, nafunga maji. Mwili sijui unafungwa wapi."

Bi Mkasi alikuwa jirani yao, mlango wa pili. Alikuwa muuguzi mstaafu. Kwa miaka thelathini alisimama kwenye chumba cha upasuaji akiwapa madaktari vifaa, ndiyo maana mtaa ukamwita hivyo. Jioni hiyo mwalimu alimkuta akipiga pasi mashuka. Aliyakunja pembe kwa pembe, kama ya wodini.

Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akaiweka pasi kando.

"Mwanangu, kutaka tumbo lipungue si dhambi. Nimesaidia upasuaji wa namna hiyo mara nyingi, na watu wakafurahi. Lakini usiniambie hakuna kisu. Kunyonya mafuta ni upasuaji. Wanakupa ganzi au dawa ya usingizi. Wanapasua matundu, wanaingiza mrija wa chuma chini ya ngozi, wanausukuma huku na huku mpaka mafuta yatoke."

"Lakini tundu lenyewe ni dogo."

"Tundu dogo, ndiyo. Mrija mrefu. Tatizo liko kule mrija unakofika. Mtu anaweza kutoka damu nyingi. Jeraha linaweza kuoza. Damu inaweza kuganda mguuni ikasafiri mpaka mapafuni, na hapo ni mbio za kuokoa maisha. Hata ganzi, ikizidi kipimo, inasimamisha moyo. Hospitalini tuko tayari kwa hayo. Ana leseni gani huyo wa Jumamosi?"

Mwalimu alikiri kwamba hakuuliza.

"Na leza?" aliuliza. "Leza si mwanga tu?"

"Jua nalo ni mwanga, lakini linakuunguza. Leza ziko namna mbili. Moja inapiga joto kutoka nje ya ngozi. Mafuta kidogo yanakufa, na mwili unayaondoa polepole, wiki baada ya wiki. Hakuna tumbo linalokuwa bapa kwa saa moja. Mara nyingi mtu anarudia, na matokeo ni ya wastani. Ikishikwa na asiyejua, inababua. Namna ya pili inaingizwa chini ya ngozi, na hiyo ni upasuaji kama upasuaji mwingine. Kwa hiyo uliza ni ipi, na nani anaishika."

"Nitapungua kilo ngapi?"

Bi Mkasi akacheka. "Hapo ndipo wengi wanapoumia roho. Hii si dawa ya unene. Inasawazisha sehemu moja kwa mtu ambaye uzito wake umetulia. Haikazi ngozi iliyolegea wala haiondoi michirizi. Mtu akirudi kula ovyo, mafuta yanarudi, pengine mahali pengine."

Mwalimu akasimama. "Bi Mkasi, mimi si mtoto. Mwili ni wangu."

"Ni wako. Ungekuwa wangu ningeuliza maswali mimi."

Mwalimu aliaga kwa adabu, lakini alitoka amenuna. Asubuhi, kiwanjani, binti mmoja mpya alitaka kuingia mazoezini. Mwalimu akamzuia.

"Una pumu? Umewahi kuanguka? Karatasi ya daktari iko wapi?"

Binti akatoa karatasi. Mwalimu akaisoma mstari kwa mstari, na katikati ya kusoma akasita. Yeye hamruhusu mtoto wa watu kurusha mpira kabla hajajua afya yake. Sasa yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kulala kwenye kitanda cha saluni, na hakuna aliyempima hata shinikizo la damu.

Akageuza orodha ya timu, akaandika maswali nyuma yake. Kalamu ilikuwa inakwaruza, lakini aliandika yote. Kisha akaenda saluni, siku mbili kabla ya Jumamosi.

"Mtaalamu wenu ni daktari wa nini?" aliuliza.

"Ana uzoefu, dada. Alifundishwa na rafiki yake."

"Leseni yake naweza kuiona?"

"Huwa hatembei nayo."

"Mashine ya leza imesajiliwa? Nani aliwafundisha kuitumia?"

"Ilikuja na kitabu chake." Mwenye saluni alianza kupanga chupa za rangi za kucha ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Nani atakaa karibu na kichwa changu kuangalia ninavyopumua? Na nikibadilika hali, mtafanya nini?"

"Tutapiga simu."

"Kwa nani?"

Hapo mwenye saluni aliziacha chupa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Dada," alisema mwishowe kwa sauti ndogo, "wengine wote huuliza bei tu."

Mwalimu alifuta jina lake kwenye daftari la Jumamosi kwa mkono wake mwenyewe. Alipotoka nje mabega yalikuwa juu, kama siku ya kupokea kikombe. Jioni alikwenda kwa Bi Mkasi, akasema, "Nisamehe kwa kununa kwangu. Nielekeze kwa daktari wa kweli."

"Kununa nako ni dalili ya uhai," Bi Mkasi alijibu, na wiki iliyofuata akampeleka mwenyewe mpaka hospitalini.

Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Hakuanza na tumbo. Alianza na maswali. Bado unanyonyesha? Unatumia dawa gani? Unavuta sigara? Kwenu kuna mtu aliyewahi kuganda damu? Unataka kuzaa tena? Akapima shinikizo la damu na uzito. Kisha akasema, "Lala chali. Sasa inua kichwa tu, kama unataka kuangalia vidole vya miguu."

Mwalimu akainua kichwa. Katikati ya tumbo pakainuka mgongo, kama tuta, na kitovu kikavimba. Daktari akabonyeza kwa vidole viwili, taratibu. Vidole vikazama.

"Mwalimu, mazoezi yako hayana kosa. Mafuta hapa ni machache. Ulipobeba mapacha, misuli ya tumbo iliachana katikati, na haikurudi. Na hapa kwenye kitovu kuna tundu. Hii ni ngiri. Utumbo unaweza kuchungulia kupitia hapa."

Kipimo cha utrasaundi kilionyesha vivyo hivyo. Mwalimu aliuliza swali ambalo hakuliandika kwenye orodha.

"Kama ningenyonywa mafuta pale saluni?"

Daktari hakuongeza chumvi. "Mrija unasukumwa chini ya ngozi bila kuona. Ungekuta ngiri, ungeweza kutoboa utumbo. Usingejua siku hiyo. Ungejua baadaye, kwa homa na maumivu, na pengine tungekuwa tumechelewa."

Mwalimu alishika ukingo wa kitanda. Bi Mkasi, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, alimwekea mkono begani.

"Na hizi sit-apu zangu za kila asubuhi?" mwalimu aliuliza.

"Ziache kwa sasa. Zinasukuma ngiri. Usinyanyue vitu vizito pia. Tutaziba tundu na kushona misuli pamoja. Mpaka siku hiyo, kitovu kikiuma ghafla, kikiwa kigumu kisirudi ndani, au ukianza kutapika, usingoje kupambazuke. Njoo."

"Na mafuta ya ubavuni?"

"Hayo hayana haraka. Upone kwanza. Baada ya mwaka, kama bado unayataka yatoke, uzito umetulia na afya ni nzuri, njoo tuzungumze. Nitakueleza faida na hatari, utakwenda nyumbani kufikiri, ndipo uamue. Daktari akikuharakisha katika jambo hili, tafuta mwingine."

Upasuaji ulifanyika mwezi uliofuata. Kabla yake, mtaalamu wa dawa ya usingizi alikuja wodini, akaeleza kazi yake hatua kwa hatua. Mwalimu akamuuliza maswali mengi mpaka mtaalamu akasema, "Wewe umesomea wapi?" Mwalimu akajibu, "Kiwanjani."

Kupona hakukuwa lelemama. Alivaa mkanda wa kubana kwa wiki sita. Kukohoa kulimuuma, kucheka kulimuuma zaidi, na kwa mume kama wake kucheka hakukwepeki. Mumewe alibeba mapacha, ndoo za maji na kila kitu kilichozidi uzito wa birika. "Mimi sasa ndiye winchi ya kunyanyulia mizigo," alisema, na mkewe akashika tumbo akamwomba anyamaze. Alianza na matembezi mafupi mpaka getini. Kisha mpaka barabarani. Aliwaongoza wanafunzi akiwa amekaa kwenye kiti, na filimbi haikupumzika hata siku moja.

Miezi minne baadaye tumbo lilikuwa limetulia. Halikuwa bapa kama la picha za saluni. Lilikuwa na michirizi, na ubavuni pamebaki pa kushika. Lakini halikutangulia mbele tena, mgongo haukumuuma jioni, na daktari alimruhusu kukimbia. Alizunguka kiwanja mara moja siku hiyo. Aliporudi alikuwa anahema na macho yana maji. Hakutaka mtu amuulize sababu.

Habari haina miguu lakini hufika. Wanawake walianza kumfuata getini, mmoja mmoja, wakimnong'oneza. Mmoja alitaka kunyonya mafuta ya mapaja. Mwingine alikuwa ameandikishwa leza ilhali bado ananyonyesha. Mwalimu akaona kunong'ona hakutoshi. Akamwomba mwalimu mkuu darasa moja Jumamosi, kwa ajili ya kina mama, na Bi Mkasi awepo.

Walikuja zaidi ya arobaini. Wengine walikalia madawati ya watoto, magoti yakagusa kidevu. Mlangoni alisimama mwenye saluni. Alikuwa amekwisha kulibandua bango lake, na mtaalamu wa Jumamosi alikuwa haji tena.

"Ingia, dada," mwalimu alimwambia. "Nilipokuuliza, wewe ulinijibu ukweli."

Akaingia, akakaa mbele.

Mwalimu Filimbi alisimama. Kwa miaka mitatu alikuwa amevaa fulana kubwa za kujificha. Sasa alishika upindo wa fulana yake, akaupandisha mpaka juu ya kitovu, mbele ya kina mama wote. Kovu lilionekana, jembamba na lililonyooka.

"Hili ni tumbo langu," alisema. "Limebeba watoto wawili kwa mpigo. Nilikaribia kulipeleka mahali ambapo hakuna anayejua kilichomo ndani yake. Leo nalionyesha kwa sababu najivunia. Na najivunia zaidi maswali niliyouliza. Sisemi msifanye. Kuna wanaofanya, kwa daktari mwenye ujuzi, mahali panapostahili, na wanaridhika. Nasema ulizeni kwanza."

Bi Mkasi alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga yake, na hakuirudisha usoni haraka.

Mama mmoja aliyekuwa ametoka kujifunza kusoma mwaka huo huo aliinua mkono. Tayari alikuwa amefungua daftari.

"Mwalimu, swali la kwanza ni lipi? Sema polepole, niliandike mwenyewe."