Zimebaki Tatu

Seremala rafiki yangu si mtu wa kutia chumvi. Aliitwa kung'oa pini za zulia kuukuu katika chumba chenye giza. Kila alipoegemeza koleo juu ya kijibao, sakafu isikwaruzike, na kuvuta pini, mama mwenye nyumba aliguna chumba cha pili.

"Mama anaumwa?"

"Endelea, fundi," mwanawe alisema. "Ameshazoea."

Roho ikamsuta, akaenda kumwamkia. Bibi huyo kipofu, asiyeinuka kitandani, akamshika mkono. "Mwanangu, zimebaki tatu. Zivute polepole."

Alirudi akahesabu. Tatu. Akaweka koleo chini.

Mwana akaliokota akitabasamu, akakitupa kijibao, akachagua pini yenye kutu.

Chumba cha pili, kilio kilianza kabla hajavuta.