Nitakutunza

Mgeni hakumtazama mwimbaji. Kila aliyepita bustanini Maramba alasiri ile alisimama kidogo kumsikiliza Mize akifanya mazoezi, lakini yule mwanamume wa kaptura ya kaki aliinua uso akatazama paa la ukumbi mpya, bati baada ya bati, kama anayemtafuta mtu kwenye umati.

Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wa kamati, alimkaribisha na kumsimulia kwa fahari. Ulikuwa mwaka wa kusaka wahujumu uchumi, na dukani hapakuwa na bati wala sabuni. Basi kila nyumba ilibandua bati moja la jikoni kwake, jiko likaezekwa makuti, ili mji upate pa kuchezea ngoma na kuimbia bila kunyeshewa. Wengine walitoa zaidi, alisema mzee, Mungu awalipe.

Mgeni aliitikia kwa kichwa, akaomba ngazi. Alipanda, akakwangua rangi ya kijani kwa ufunguo. Chini yake ukatokea muhuri wa shamba la mkonge.

"Fundi ni nani hapa?"

Asheri aliweka randa chini. "Ni mimi."

"Na rangi hii?"

"Niliipaka mimi."

"Mabati uliyatoa wapi?"

Asheri alimtazama Mize mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Mgeni, kumbe mkaguzi wa shamba hilo, akaagiza polisi waitwe. Polisi walikuja wakamchukua Asheri, na mabati yote yenye muhuri yakabanduliwa kuwa ushahidi. Paa likabaki na pengo juu ya jukwaa, pale pale anaposimama mwimbaji.

Mapenzi yao yalianzia kwenye neno. Familia ya Asheri ilishuka kutoka milima ya Lushoto kuja kukata mkonge. Mambo ya taarabu alikuwa hayajui. Siku moja Mize alimtania mbele ya kina mama wa kikundi, "Fundi, siku ya ufunguzi utanitunza?" Alimaanisha apande jukwaani ampe noti akiwa anaimba, kama wafanyavyo watu wa pwani. Asheri akasikia jingine. Alifuta jasho, akajibu kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya mchungaji:

"Nitakutunza, mpaka nife."

Kina mama walicheka hadi wakashikana mabega. Tuhfa, mpiga ngoma, akamwambia Mize, "Haya shoga, umeposwa bila barua."

Na kweli alikuwa ameposwa. Asheri alipoelezwa maana ya kutunza kwa watu wa taarabu, alisema basi atafanya yote mawili. Alikubali kusilimu, mama yake akilia. Ikabaki idhini ya Abass, kaka yake Mize, dereva wa lori la shamba la mkonge, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyekuwa walii wake.

Yudith, dada yake Asheri, alimdhamini ndugu yake akatoka. Sharti lilikuwa asikanyage bustanini mpaka kesi iishe. Mize alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya gogo, mikono haina kazi.

"Nani alikupa yale mabati?"

"Mize, achana na hilo."

"Kama uliiba, niambie uliiba. Nitakungoja. Lakini usininyamazie."

"Sikuiba. Niliuona muhuri, nikapaka rangi. Hilo ndilo kosa langu."

"Kwa nini upake?"

Alisita. "Aliyeyaleta aliniambia, niyapake nami idhini nitaipata. Sasa nikimtaja, nani atakuozesha kwangu?"

Mize hakuhitaji jina. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akamkuta kaka yake barazani akinywa chai isiyo na sukari. Abass hakukana. Alisema yeye alitaka kiti cha mbele kwenye kamati, kijana naye alitaka mke, kila mtu akapata chake. Afungwe tu, miezi itapita, akitoka atamwozesha, wallahi.

"Na yeye afungwe kwa wizi wako?"

"Mimi nina watoto, Mize. Yeye ana randa."

"Kaka, nakuomba. Nenda ukaseme mwenyewe."

"Siendi. Na siku ukifungua mdomo wako, usirudi nyumba hii. Walii utamtafuta sokoni."

Usiku ule Mize hakulala. Asubuhi alirudi kwa Asheri kumwomba jambo moja, asije kwenye ufunguzi. Askari watakuwepo, watamrudisha ndani.

"Nilisema nitakutunza," Asheri alimjibu. "Ile kubwa imenishinda. Hii ndogo usininyime."

Siku ya ufunguzi yalinyesha manyunyu. Watu walijaa mpaka kwenye ua wa michongoma, wageni wa wilayani wakaketi mbele, Abass miongoni mwao. Mize aliimba chini ya pengo, mvua ikimlowesha mabega. Hakufika mbali. Abass aliinuka, akapanda jukwaani akicheza, noti juu mkononi ili kila mgeni aione.

Mwimbaji hakatai tunzo. Hata adui yako akikupa, unapokea na unaendelea. Mize aliiacha noti ianguke.

Kinanda kilinyamaza kwanza, halafu ngoma. Akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mabati yaliyotoka hapa juu aliyaleta huyu kaka yangu, kwa gari la shamba. Asheri aliyapaka rangi, kwa ajili yangu. Nimemaliza."

Watu walimgeukia Abass.

"Umenichinja, mdogo wangu," Abass alisema taratibu, kama mtu anayeaga.

Yule mgeni wa kaptura alisimama na askari wawili, wakamteremsha Abass jukwaani. Mkewe Abass alijifunika uso kwa kanga, akakusanya watoto wake, akapita karibu na Mize bila kumtazama. Tuhfa alifunga ngoma yake. Wanamuziki walishuka mmoja mmoja, na Mzee Mwinyijuma akaomba shughuli iahirishwe.

Ndipo Asheri akatokea kwenye michongoma, shati limepigwa pasi.

"Asheri, dhamana yako," Yudith alimwambia, amemng'ang'ania mkono. "Umesikia alichosema Mize. Ngoja mahakamani tu, kaka."

Aliutoa mkono wa dada yake polepole, akaja. Watu walimpisha. Askari aliyekuwa langoni alimwona, akaanza kumfuata.

Mize hakuwa na kinanda, wala ngoma, wala nyumba ya kurudi. Alianza ubeti upya kwa sauti yake peke yake. Sauti ilikatika mahali fulani, akaiokota, akaendelea. Asheri alipanda ngazi alizozichonga mwenyewe, akamwekea kiganjani noti iliyokunjamana kwa jasho.

"Nimekutunza."

Mize alifumba kiganja, akampa ishara ya kichwa kwamba amepokea, kwa sababu alikuwa bado anaimba. Askari alisimama chini ya ngazi, akangoja ubeti uishe, kisha akanyoosha pingu.