Kioo Kinene

Jumatatu, tarehe tisa Juni. Mawingu mazito tangu alfajiri, wala upepo haukuvuma.

Kwenye foleni ya kantini ya kiwanda cha balbu, fundi wa nyaya alimmwagia chai mpima joto, juu ya gauni lake la bluu.

"Samahani, dada. Nitalifua."

"Utalifua nikiwa nimelivaa?"

Wakacheka. Kufikia mwezi wa nane walikuwa wakiitana mpenzi.

Fundi alikuwa ameunda balbu kali kuliko zote za kiwanda. Kila siku binti alichungulia darubini ya joto, akilinganisha mng'ao wa waya wa balbu na kiwaya cha ndani ya darubini. Rangi zikifanana, kiwaya hutoweka machoni, naye husoma joto. "Salama," aliandika.

Ijumaa, siku moja kabla ya fundi kuionyesha balbu ile ukumbini, binti aliifuta vumbi, akaigonga kwa kucha. Kioo chake kilikuwa kinene kuliko cha kawaida. Kilimeza sehemu ya mwanga kabla haujafika kwenye darubini, naye hakuwa ameongeza chochote kwenye kipimo kufidia. Waya ulikuwa moto kuliko alivyoandika. Alipiga magoti akaomba, kisha akapiga simu.

"Mpenzi, kesho usiiwashe. Nilipima vibaya. Itapasuka."

"Mama amealika majirani zake wote. Leo ndiyo unaona?"

"Kosa ni langu."

"Au yule fundi mwenzangu anayeshindana nami amekutuma? Naona siku hizi mnanong'onezana."

Simu ikakatika.

Jumamosi ukumbi ulijaa, mapazia yameshushwa. Fundi, ndani ya suti ya kijivu, aliiwasha balbu mbele ya mama yake. Makofi yakalia. Binti hakutazama mwanga, alitazama kioo. Juu yake doa jeusi la mvuke wa waya lilikuwa likikua, taratibu, kama wino kwenye karatasi. Waya ukaanza kuvuma.

"Mama, inama," binti alimwambia mama wa fundi, akamfunika kwa mwili wake.

Mlipuko. Giza.

Mapazia yalipofunguliwa, vipande vya kioo vilikuwa vimenasa mgongoni mwa koti la binti. Mama hakupata hata mkwaruzo. Fundi alivuja damu kwenye nyusi.

"Jicho limepona?" binti aliuliza.

"Limepona. Jana ndipo halikuona."

"Sema kwa sauti," mama akamwambia mwanawe. "Jana ulipomfokea nilikusikia. Leo na wasikie wote."

Fundi akawageukia watu. Damu ilimfika shavuni, hakuifuta.

"Mbele yenu na mbele ya Mungu, naahidi: sitawasha taa nyingine mpaka huyu aseme ni salama. Na akinikubali, hata ile ya nyumbani kwetu."