Nani Alichemsha Kitambaa cha Harusi

Kwetu tunachora batiki kwa mkono. Kila asubuhi mimi na mama yangu, Sutinah, tunaketi kwenye vigoda, na kisufuria cha nta ya moto kikiwa katikati yetu. Mama ndiye aliyenifundisha kushika kalamu ya nta. Tukishachora, tunatia rangi. Palipo na nta, rangi haiingii. Tunapaka nta tena, tunatia rangi tena. Mwisho kabisa ndipo tunachemsha kitambaa ili nta yote itoke. Kijijini kwetu hata mtoto anajua kwamba kuchemsha ni mwisho.

Siku moja nilikwenda sokoni. Niliporudi, nilikuta pipa la maji linatokota. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha harusi ya binti wa mzee Darmo. Nilikichora miezi mitatu. Kilikuwa bado hakijatiwa rangi hata mara moja. Nta yote ilikuwa inaelea juu, na kitambaa kimebaki cheupe kama nilivyokinunua dukani.

"Mama, umefanya nini?"

Akalichungulia pipa. "Nani kachemsha hiki?"

"Ni wewe. Kuna nani mwingine humu ndani?"

"Usinisingizie, Lasmi. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu."

Hapo nikapandwa na hasira. Kuharibu ni jambo moja. Lakini kunitazama machoni na kukana? Nilimpokonya kalamu yake. Nikamwambia, "Kuanzia leo hugusi kitu." Kisha nikampigia simu kaka yangu, Parjo, aliyeko Jakarta.

"Nilikwambia zamani," Parjo akasema. "Atakaa kwangu chumbani. Mimi na mke wangu tukienda kazini tutamfungia mlango. Hataharibu kitu cha mtu."

"Njoo umchukue Jumamosi."

Ndiyo, niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Sifichi.

Jirani yetu Wuryani alisikia kelele na maneno ya simu, akaja. Yeye ni mhudumu wa afya. Kila mwezi huwapima wazee presha.

"Mdogo wangu, mbona unamfokea mzazi hivyo?"

"Ananidanganya mchana kweupe. Anakumbuka hadi rangi ya mbuzi aliyechinjwa nilipozaliwa. Jambo la saa moja iliyopita limepotelea wapi?"

"Halikupotea. Halikuingia," Wuryani akasema. Akamgeukia Mama. "Mama, nishikie maneno matatu: mpunga, ufunguo, kanga."

Wakazungumza habari za mvua. Baada ya dakika tano akamwuliza yale maneno.

"Maneno gani?" Mama akasema. "Hujanipa maneno yoyote."

Nilimtazama usoni. Hakuwa anaficha kitu.

"Sasa mrudishie kalamu," Wuryani akaniambia.

Sikutaka, lakini nilimpa. Mama akachota nta, akaipuliza, akachora bawa la ndege bila penseli. Kila mstari ulikaa mahali pake.

"Umeona?" Wuryani akasema. "Kumbukumbu haikai mahali pamoja. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna visehemu viwili vidogo. Hivyo ndivyo vinavyosaidia jambo jipya lishike. Vikiugua, la leo halishiki. Ya zamani yalishawekwa kwingine. Na kazi ya mikono ina sehemu yake nyingine kabisa. Usiseme ni uongo, na usiseme ni uzee tu. Mpeleke kwa daktari. Wakati mwingine ni dawa anazokunywa, au upungufu fulani mwilini, na hayo yanatibika. Halafu niambie, huko Jakarta njia ya chooni atajifunza kwa kutumia nini?"

Hasira ikanigeukia mwenyewe, na hiyo ndiyo inayouma. Mwaka mzima nilikuwa namwuliza, "Umesahau tena?"

Alhamisi tulikwenda kliniki. Daktari alipima damu, akauliza maswali mengi. Akasema ni ugonjwa wa ubongo. Hauponi, lakini mtu anaweza kuishi nao vizuri akisaidiwa. Tuliporudi, nilihamishia pipa kwa Wuryani. Vitu vingine sikuvisogeza. Kigoda cha Mama, kikombe na kalamu vikabaki palepale. Yeye anachora, mimi natia rangi. Nilipoacha kumhoji, naye aliacha kukana.

Jumamosi Parjo akafika.

"Begi lake liko wapi?"

"Haendi."

"Lasmi, usinichezee. Nimesafiri mbali."

"Umesafiri kuja kumfungia mama yako mlango. Kaa chini kwanza."

Akakaa, amenuna. Mama akamtazama. "Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama."

Baada ya muda kidogo, "Umekula?"

"Nimekula njiani."

Mara ya tatu Parjo akafoka, "Mama, si nimeshakwambia?" Mama akashtuka, akainamisha kichwa. Nilitaka kumzaba kibao. Badala yake nilimweleza yote, neno kwa neno, kama Wuryani alivyonieleza mimi.

"Umekula, mwanangu?" Mama akauliza tena.

Parjo akajibu, "Bado, Mama."

Mama akainuka. Akaenda jikoni, akachukua chungu bila kukitafuta, akaosha mchele, akapima maji kwa kidole. Mimi nilisimama karibu, nikiuangalia moto. Parjo alikula sahani mbili, na Jumapili akapanda treni peke yake.