Mpunga wa Binah

Asubuhi ile Binah alikuwa akitwanga mpunga nje ya kibanda. Titus, mumewe, alikuwa akikwangua tope kwenye viatu vyake. Ilikuwa Januari. Vita kati ya Kaskazini na Kusini mwa Marekani vilikuwa vimekwisha, na watumwa wote wa Karolina Kusini walikuwa huru.

Bwana Pinkham, aliyekuwa akiwamiliki, alifika juu ya farasi. Akamrushia Titus karatasi.

"Mkataba wa mwaka mzima. Tieni alama ya kukubali. Asiyetaka, Jumamosi ahame vibanda vyangu."

"Umeandikwa nini, Bwana?" Binah akauliza.

"Kwamba nitawalisha, kama siku zote. Bila mimi mngekufa njaa!"

Alipoondoka, Titus alishika kichwa. "Tutie tu, mke wangu. Watoto tutawalaza wapi?"

"Tutie alama kwenye kitu tusichokijua? Thubutu! Twende kwa mwalimu."

Mwalimu Rosetta, mwanamke mweusi kutoka Filadelfia, alifundisha kusoma na kuandika kanisani. Akawasomea mkataba polepole. Ulisema watafanya kazi tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Hawatatoka shambani bila ruhusa. Hawatalima chochote kilicho chao.

"Ala! Huu ni utumwa uliovalishwa shati jipya," Titus akasema. "Lakini ardhi ni yake, Mwalimu. Utajiri ni wake."

"Utajiri huo ulitoka wapi, Kaka Titus? Nani alifyeka msitu na kuchimba mifereji?"

"Babu zetu."

"Na bibi yangu alitoka Afrika akijua kulima mpunga," Binah akadakia. "Hakufundishwa na mtu hapa."

"Umeona, dada? Mchele wenu ulijenga majumba ya mji wa Charleston. Pamba ya wenzenu ilikwenda kwenye viwanda vya Kaskazini na Uingereza. Kabla ya vita, zaidi ya nusu ya mali iliyouzwa ng'ambo na nchi hii ilikuwa pamba. Benki zikanona, wenye meli wakanona. Ninyi hamkulipwa kitu. Pinkham hakuwalisha. Ninyi ndio mliomlisha!"

Binah alihisi mgongo wake ukinyooka. "Sasa tufanye nini?"

"Mtu asitie alama peke yake. Kubalianeni wote. Semeni mnachotaka, kiandikwe, kisomwe mbele yenu."

Familia kumi na tisa zikakubaliana. Jumamosi hakuna aliyetia alama, wala aliyehama.

"Nitaleta watu wengine!" Pinkham akafoka.

Akawaleta kutoka mjini. Lakini hawakuyajua malango ya mifereji, yaliyoingiza na kuzuia maji ya mto. Walifungua lango saa isiyofaa, bahari ikiwa imejaa, maji ya chumvi yakaingia shambani na kuanza kuharibu udongo.

Pinkham akaja mbio, jasho likimtoka. "Titus! Njoo ufunge lango!"

Titus akamtazama mkewe.

"Karatasi kwanza, Bwana," Binah akajibu.

Mkataba mpya uliandikwa siku ileile. Siku mbili kwa wiki wangemfanyia kazi Pinkham, kulipia vibanda na ardhi. Siku nyingine wangelima mashamba yao wenyewe. Mwalimu aliusoma kwa sauti, mara mbili. Ndipo wakatia alama, na Titus akaenda kufunga lango.

Septemba mpunga ukaiva. Kila familia ilivuna wake, kwa nyimbo na vigelegele. Binah na Titus waliuza magunia manne Charleston. Wakarudi na jembe jipya, viatu vya watoto na kitabu cha kusomea.

Jumatatu, baada ya kazi, Binah aliketi benchi la mbele darasani. Mwalimu alipoita jina lake, aliitika kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.