Sini ya Sabini na Tano

Enzi zile za Mwingereza, kengele ya asubuhi ilipolia, wanafunzi wa shule moja ya bweni mjini Tabora walitandika vitanda, wakafagia uwanja, wakanywa uji, kisha wakaingia darasani. Damas, Mnyamwezi wa Kaliua, aliingia akitabasamu. Jibu lake la hesabu ya jana lilikuwa sahihi. Kasoro ni moja tu: halikuwa lake! Alilinakili tupu, bila njia yake, kwa Shaban, Mzaramo kutoka pwani, huku akijisemea, "Shaban ni mtani wangu. Cha mtani hakiombwi."

"Sini ya pembe ya nyuzi sabini na tano, bila majedwali," alisema Mwalimu Silasi akirudisha madaftari. "Damas, umepata. Njoo ubaoni utuoneshe njia."

Lahaula! Damas alishika chaki. Nyuma yake ubao, mbele darasa zima, na mlango umefungwa. Aliyeiba kazi ya mwenzake hufukuzwa shule. Angemwambia nini baba yake? Akaandika: sini 45 + sini 30. Akapata 0.707 na 0.5, jumla 1.207.

"Sini imezidi moja, haiwezekani!" Shaban akadakia. "Mwalimu, msamehe mtani wangu! Babu zake walibeba pembe za ndovu hadi kwetu pwani, naye anadhani hata pembe za hesabu ni za kurundika begani!"

Darasa likaangua kicheko. Damas naye alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Mwalimu, nilinakili kwa Shaban," alisema. "Nilijidanganya kuwa ni utani."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akaifuta ile 1.207 ubaoni, akasema, "Sabini na tano ni arobaini na tano na thelathini. Zidisha sini ya kwanza kwa kosini ya pili. Halafu kosini ya kwanza kwa sini ya pili. Ndipo ujumlishe."

Damas aliandika polepole, akifuta na kurudia, jasho likimtoka: √2/2 × √3/2 + √2/2 × 1/2. Mwishowe akapata (√6 + √2)/4. Safari hii alijua jibu limetoka wapi.

"Hufukuzwi, kwa kuwa umesema kweli mwenyewe," Mwalimu alisema. "Lakini utafagia darasa wiki nzima. Nanyi nyote sikieni: mtani ukimnyang'anya kofia, mtacheka, naye atabaki kichwa wazi. Ukimnyang'anya jibu, yeye habaki bila kitu. Unayebaki mtupu ni wewe."